Makabidhiano ya Jengo

Barua ilikuja Jumatatu, nakala kumi na moja,
moja kwa kila ghorofa, nikaambiwa nizibandike mimi.
"Kuanzia tarehe mosi huduma zote za jengo
zitaendeshwa kwa mfumo."
Gaudensia wa usafi alilisoma neno hilo mara mbili,
akauliza: na huyu Mfumo atakaa ghorofa ya ngapi,
tujue chai yake tuipeleke wapi?
Tukacheka.
Kicheko kile kilikuwa na mwiba wa samaki ndani.

Mimi ndiye msimamizi. Niliambiwa niwaandae watu.
Walinipeleka semina Mikocheni, siku mbili,
pilau ya bure, kalamu yenye nembo, na mchoro
wa mstari unaoshuka bondeni kisha unapanda:
mshtuko, hasira, unyonge, kukubali.
Nikautazama mstari ule nikamkumbuka Mwinjuma,
fundi wetu wa miaka kumi na tisa.
Tumpachike wapi hapo
mtu anayelijua jengo kwa sikio?

Maana hakuwa na faili. Alikuwa na daftari la shule,
nyuma yake jedwali la kuzidisha,
ndani mwandiko uliolala kama mvua ya upepo:

Pampu ya pili hukohoa kabla ya kuzimika. Isikilize.
Koki ya ghorofa ya saba imefungwa kinyume, kulia ni kufungua.
Viyoyozi vya upande wa bahari vinaliwa na chumvi,
vioshwe kila Ijumaa, usingoje vilalamike.
Mama wa uhasibu asiambiwe lifti imekwama.
Aambiwe inapumzika.

Mfumo una visanduku. Aina ya hitilafu: chagua.
Umeme. Maji. Milango. Lifti.
Kukohoa hakumo.

Jioni kumi na mbili tulikaa chumba cha jenereta,
yeye akisoma, mimi nikibonyeza kwa kidole kimoja.
Joto la Februari. Jasho likadondoka kwenye kishikwambi,
nacho kikadhani ni kidole cha mtu,
kikafuta ukurasa mzima.
"Unaona," akasema Mwinjuma, "hata jasho hakilijui."
Tukaanza upya.
Kila kilichokosa kisanduku nilikisukumia chini kabisa,
palipoandikwa Maelezo Mengine,
kama mtu anayeficha akiba kwenye pindo la khanga.

Tarehe mosi ikafika. Wafagiaji kumi na wanne wakawa tisa.
Orodha niliiandika mimi, kwa kalamu ile ya semina.
Tunu akahamishiwa zamu ya usiku
na Chamazi ni mbali saa tano usiku,
nikamwambia tutaliangalia.
Bado tunaliangalia.
Gaudensia alibaki. Ila aliacha kuniita Nasibu.

Mwinjuma alirudisha funguo mia na sita,
akazimwaga mezani kama dagaa,
milango sasa inafunguliwa kwa kadi.
Akatia saini, akaenda kufuga kuku Chanika.
Daftari aliondoka nalo.
Sikuwa na kisanduku cha kuliombea.

Juni, saa nane usiku, simu.
Elibariki, fundi mpya, miaka ishirini na mitatu:
"Bosi, mfumo umetoa onyo, pampu ya pili.
Mimi naiona inazunguka vizuri tu.
Lakini huku chini pameandikwa isikilize.
Naisikilizaje?"

Zima feni, nikamwambia. Funga mlango. Weka sikio.

Kimya. Kisha, kupitia simu, mbali,
nikaisikia na mimi kitandani kwangu Tabata:
mara moja. Mara mbili.
Kama mzee anayetaka kusema jambo na hajakaribishwa.

"Nimeipata," akanong'ona Elibariki,
na sijui kwa nini alinong'ona.

Maji hayakukatika. Asubuhi hakuna aliyejua.
Niliwahi kazini, nikapanda ngazi kwa miguu
nikiwa na hamu ya kumsimulia mtu.
Ghorofa ya nne, Gaudensia, ndoo mkononi.
Ananizidi miaka sita.
Akasogea ukutani, akanipisha.
"Shikamoo, Msimamizi."